Jina Lisilokuwa na Kitufe

Jumatatu, 6 Oktoba 1997. Migori

Daftari hili nimelinunua nikiwa na hasira, basi lijue mapema linaishi na nani. Naandika Kiswahili kwa sababu nikikasirika kwa Kidholuo huishia kulia, na kwa Kiingereza huanza kukosea.

Habari yenyewe ni njema. Mradi wa maktaba za watoto kule Homa Bay umekipa chuo chetu cha kompyuta kazi. Tutengeneze mchezo wa kompyuta wenye hadithi, kwa Kiswahili, wa kuchezwa katika shule zilizopewa kompyuta kuukuu na wafadhili. Tuupeleke Desemba. Bwana Angwenyi, mwenye chuo, amesema kazi ni yangu na mwalimu mwenzangu Nashon.

Hadithi ni yangu, kwa sababu Nashon hakuwa na yoyote. Mama ameenda sokoni, msichana ameachiwa mdogo wake mchanga, na mtoto analia hanyamazi. Kwetu mtoto akilia hivyo huitiwa majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Basi msichana anazunguka boma, anauliza habari za waliotangulia, anasimuliwa, kisha anarudi kumwita mtoto. Hata Angwenyi aliitikia kwa kichwa akasema hiyo ni nzuri.

Ugomvi ulianza tulipofika kwenye swali la tutumie nini kuutengeneza. Mimi nataka Besiki, lugha ya kuandikia programu iliyomo tayari ndani ya mashine, hata zile kuukuu. Haina urembo, lakini inafanya jambo moja ninalolitaka: inasimama, alama inawakawaka kwenye skrini, inakungoja uandike neno lolote ulilo nalo moyoni. Nashon anataka programu aliyoletewa na binamu yake kutoka Nairobi. Unachora picha, unaweka vitufe, mtoto anabonyeza kwa mausi, basi. Haina mahali pa kuandika hata herufi moja. Vitufe vitatu, majina matatu, moja ndilo sahihi.

"Na nani atachagua hayo majina matatu?" nikamwuliza.

"Si ni sisi, Mwalimu. Kwani ni kazi ngumu?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua ili nisimjibu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Watu wanaiita Elninyo kama vile ni mgeni aliyekuja na basi la asubuhi.

Ijumaa, 10 Oktoba. Rangwe

Sikukuu, nimekuja nyumbani kumwona mtoto wa kaka yangu Japheth na mkewe Edith. Ni mvulana, na analia tangu azaliwe. Zahanati wamesema hana ugonjwa.

Mchana huu wanawake walikaa nyumbani kwa Edith wakamwitia majina. Shangazi aliita la bibi mmoja aliyejua kutibu macho. Jirani akaita la mtu aliyeuawa na kiboko. Mtoto analia tu. Baba akaja mlangoni, akasema, "Ogweno," jina la baba yake. Mtoto akazidi. Baba akasema, "Ni Ogweno. Amenyamaza kidogo." Hakunyamaza hata kidogo, mimi nilikuwa hapo.

Mama akafungua kinywa. Baba akamtazama.

"Tunaita wale walilala vizuri," akasema. "Wengine waachwe."

Mama akakifunga kinywa chake.

Niandike hapa, maana pale nyumbani halisemwi. Kaka yetu mkubwa, Javan, alikufa Mei mwaka jana. Alikuwa fundi wa redio mjini Migori, kifungua mimba wa Mama, na ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi wakati wasichana wenzangu wakifundishwa kushika mwiko. Ugonjwa ni ule ambao kila mtu anaujua. Baba ni mzee wa kanisa, amehubiri miaka yote kwamba chira ni ushirikina. Lakini siku Javan alipozikwa aliikumbuka chira ghafla, laana ya mtu aliyevunja miiko, ikamfaa. Aliondoa picha ukutani. Akaamuru jina lisitajwe. Hata Mama, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Javan tangu akiwa mke mchanga, sasa huitwa Mama Japheth, na watu wametii kama watoto wa shule.

Jumanne, 14 Oktoba. Migori

Stima imepotea katikati ya kazi, na kazi ikapotea nayo. Nimempigia kelele Nashon ingawa hata hakuwa chumbani ilipopotea.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nashon amechora mtoto anayelia. Ni mzuri. Ana mashavu. Nimechukia.

Mtoto wangu hana hata uso. Ni maandishi meupe kwenye skrini nyeusi na sauti ya kilio niliyoitunga kwa milio ya mashine, inapanda, inashuka, inakatika, inapanda tena. Wanafunzi wa uchapaji wa chumba cha pili wamekuja kulalamika. Nimewaambia mtoto akilia halalamikiwi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Angwenyi ametaka kujua mtoto wangu atanyamaza kwa jina lipi.

"Lolote," nikasema. "Nimeiachia mashine ibahatishe, kama vile mtoto mwenyewe."

"Hapana, Mwalimu Phanice. Lazima jibu likuwe. Mtoto wa shule atapataje maksi?"

"Jina la marehemu ni swali la maksi?"

"Huu ni mradi wa elimu," akasema, akaenda zake kumpongeza Nashon kwa yale mashavu.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimeaibika, na bado sijui nimkasirikie nani kwanza.

Baba alikuwa na mkutano wa kanisa hapa mjini, akapita chuoni kuniletea ndizi za Mama. Angwenyi akamkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha mbele ya mashine yangu, akamweleza mchezo. Baba alisikiliza. Alipoelewa kwamba ni mtoto anatafutiwa jina aliinama mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha kompyuta niliona baba yangu akitaka kujua ninafanya nini.

Kisha Angwenyi, kwa ukarimu wake wa kijinga, akanyosha mkono mbele yangu akaandika: ELKANA. Jina la Baba. Alitaka kumfurahisha mgeni.

Mashine ikabahatisha. Kilio kikakatika papo hapo. Skrini ikaandika: Mtoto amenyamaza. Elkana amerudi nyumbani.

Baba alisimama taratibu, akachukua kofia yake.

"Mimi sijakufa," akasema. "Nani amewaambia mniite huko?"

"Mzee, ni mchezo tu," Angwenyi akasema.

"Na wewe kwenu hakuna wafu? Unaita mtu anakula chakula?" Kisha akanigeukia mimi, kwa Kidholuo, sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Alisema nimejifunza mashine ili nimzike.

Akaondoka na mvua ikinyesha. Ndizi zilibaki mezani. Angwenyi akaniambia ndiyo maana vitufe ni salama, kitufe hakimtusi mtu. Ameamua: mradi utatumia programu ya Nashon. Besiki yangu ni kitu cha mababu, akasema.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilimwambia Nashon kwamba yeye na vitufe vyake wamenifunga mdomo. Hakuinua macho kutoka kwenye picha.

"Phanice, una hasira na babako, lakini ngumi zote zinanipata mimi. Nimekukosea nini? Kuchora?"

"Umechagua programu ambamo mtu hawezi kuita mtu wake."

"Basi sema tu unataka kuita nani."

Nilipiga mlango hadi kalenda ikaanguka.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Ni Sabato, sikwenda kanisani.

Jumamosi, 15 Novemba. Rangwe

Barabara imekatika kabla ya Rongo, tumeshuka tukavuka kwa miguu, viatu mkononi. Baba hanijibu salamu. Sawa.

Mtoto bado analia, na bado anaitwa Ogweno kwa amri.

Nilimsimulia Mama jikoni mkosi wa mashine. Alicheka hadi akashika mgongo, kisha akanikemea. "Nyara, binti yangu, huyo mashine yako hana adabu. Lazima aulize kwanza kama huyo mtu ametangulia."

Hilo nililielewa. Nikamwuliza basi mtoto anajuaje. Watu wanaita majina mengi, mtoto anajuaje hili ni lake na lile ni la kupita tu?

Alikuwa anapepeta mtama, akasimama. "Mara ya kwanza mnajaribu tu. Unaita hii, unaacha, unaita ingine. Lakini iko moja unairudia. Hiyo ukirudia, mtoto anajua umemaanisha."

"Na wewe ungerudia gani?"

Akaendelea kupepeta. Na mimi, kwa mara moja katika maisha yangu, sikusukuma.

Jumatatu, 17 Novemba. Migori

Nimefuta kubahatisha kote. Sasa ukiandika jina mashine inauliza: Huyu ametutangulia? Ukisema hapana, nyanya wa yule msichana wa hadithi anakufukuza jikoni. Ukisema ndiyo, mtoto anaendelea kulia, lakini mashine inalikumbuka jina. Ukiondoka, ukaita mengine, kisha ukarudi kwa moja uliloliita, hapo ndipo ananyamaza.

Hakuna jina sahihi humu ndani. Nimetafuta namna ya kumweleza Angwenyi hilo kwa adabu na sijaipata.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua. Stima hakuna. Mto umepanda. Nashon ameweka makofi kwenye jibu sahihi na alama nyekundu kwenye yale mawili mengine. Alama nyekundu juu ya jina la marehemu! Nimemwambia. Akaiondoa. Makofi ameyaacha.

Jumanne, 9 Desemba

Nimemwomba Angwenyi niibebe Besiki yangu, ikae tu ndani ya disketi kama spea. Amesema nibebe ninachotaka ilimradi nisifungue kinywa mbele ya wageni.

Alhamisi, 11 Desemba. Homa Bay

Niandike yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Mradi ulialika wazazi wetu. Nilijua Mama angekuja, na Edith na mtoto, maana kutoka Rangwe si mbali. Sikujua Baba angekuja. Alikuja amevaa suti ya Sabato, akakaa safu ya mwisho karibu na mlango. Nilipomsalimu alisema, "Nimekuja kuhakikisha hamniiti tena." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu mwezi uliopita.

Mchezo wa Nashon ulifunguka bila kasoro. Niliomba kimoyomoyo mashine igome, nakiri, na haikugoma. Watoto wa shule walioletwa walipanga foleni kubonyeza. Mtoto mwenye mashavu alilia, wakabonyeza Ogolla, akalia, wakabonyeza Adera, akanyamaza, makofi. Wa pili alijua tayari ni Adera. Wa tatu hakusubiri hata hadithi, alikimbilia Adera moja kwa moja. Madam Gesare wa mradi, mama mpole mwenye miwani ya mnyororo, alifurahi mno.

"Hii ndiyo tunachukua," akasema.

Nilivunja ahadi. Nilisimama nikamwambia kwamba watoto hao hawakusikia hadithi hata moja ya mtu aliyekufa, wamejifunza tu kitufe kiko wapi. Nikasema kuna nyingine, ambamo mtoto wa Homa Bay ataita watu wa kwao na wa Kegonga ataita wa kwao, na hakuna atakayeambiwa mtu wake ni kosa.

"Lakini Mwalimu," Madam Gesare akasema bila ubaya wowote, "tutajuaje kama wamepata?"

Angwenyi alinivuta koti nikakaa. Watu wakapiga makofi, Nashon akapewa mkono, wakatoka kwenda kunywa soda kwenye baraza. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa na chupa. Kazi ya msimu mzima, na mimi ndiye nisiye na adabu.

Nilipoinua macho, ukumbi ulikuwa umebaki na watu wa nyumbani tu, na Nashon. Alikuwa ameniacha nikae na hasira yangu, ametoa sidii yake, ameingiza disketi yangu. Kilio changu cha milio kikaanza, kibaya kama kawaida.

"Mama," Nashon akasema, "yako ni hii. Njoo ukae."

Mama alikuja akifuta viganja kwenye leso. "Huyu analia kama bata," akasema. Akakaa. Anasoma Biblia ya Kidholuo vizuri, lakini kibodi hakuwahi kuigusa. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, na sisi hatukumsaidia.

OGWENO. Ametutangulia? Ndiyo. Kilio.

Akaandika jina la mama yake mzazi. Ndiyo. Kilio.

Kisha akatafuta J. Aliitafuta sana. Nikaona kidole chake kikipita juu yake na kurudi. J, kisha A, kisha V. Mlangoni Baba alikuwa amesimama.

JAVAN. Mashine ikamwuliza kama inavyomwuliza kila mtu: Huyu ametutangulia?

Hakuna aliyewahi kumwuliza Mama swali hilo. Siku ya mazishi aliambiwa tu anyamaze. Aliitazama alama inayowakawaka kwa muda mrefu, akabonyeza ndiyo. Kilio kikaendelea.

"Haijanyamaza," akaniambia, kama ananishitaki.

Yeye ndiye aliyenipa kanuni. Akakumbuka, na uso wake ukabadilika. Aliandika jina la shangazi mmoja upesiupesi, kwa kukosea, bila kujali. Kisha akarudi. Mara hii hakuitafuta J.

Kilio kikakatika. Skrini ikaandika: Mtoto amenyamaza. Javan amerudi nyumbani.

Katika kimya kile ndipo tuliposikia kilio kingine. Mtoto wa Edith alikuwa ameamka. Mama akageuka kwenye kiti.

"Javan," akamwita.

"Mama Japheth!" Baba akasema kutoka mlangoni.

"Huyo simjui," Mama akasema bila kumtazama. "Mimi ni Min Javan, Mama Javan. Uliniita hivyo wewe mwenyewe miaka thelathini." Akamwinamia mtoto. "Javan."

Mtoto akalia kwa nguvu zaidi. Baba akaingia hatua mbili, na nikaona anapata nguvu.

"Umeona? Hajanyamaza."

"Hata Ogweno hajanyamaza," Mama akasema, "na ulimpa jina hilo."

Mama hakungoja ajibiwe. Aliita tena, na tena, si kwa kubembeleza, kwa hasira, kama mtu anayemwita mwanawe kutoka shambani mvua ikikaribia. Nilitambua hasira ile. Nilidhani ni yangu peke yangu.

Mtoto hakunyamaza. Niandike hivyo, maana najua tutakuja kusimulia vingine. Alilia hadi Edith alipomfunga mgongoni. Edith ambaye haongei mbele ya wakwe, Edith ambaye hata maji humwomba mtu amwombee. Alikaza leso, akamtikisatikisa, akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote ungeisikia, "Javan, twende nyumbani."

Akampita Baba mlangoni. Baba akasogea.

Ijumaa, 12 Desemba. Migori

Angwenyi amenipa barua ya onyo kwa kumjibu mgeni. Nimeitumia kufungia ndizi.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Foleni ndefu, mvua, wino kidoleni.

Jumanne, 6 Januari 1998

Shule za mradi zimepokea mchezo wa vitufe. Nusu ya mashine zao ni kuukuu mno, hazina hata mahali pa kuingiza sidii. Mwalimu mmoja wa Sori ameandika akiuliza kama tuna kitu cha disketi. Nashon alinisomea barua yake bila kucheka, na hilo nimemhesabia.

Anataka tutie mashavu kwenye Besiki yangu, kwa mistari tu. Nimemwambia akome. Kesho nitamwuliza mistari mingapi.

Jumapili, 18 Januari. Rangwe

Mvua imepungua. Baba hajasema jina hilo bado, anasema "mtoto". Picha bado haiko ukutani. Bado nina hasira naye na sina haraka nayo.

Javan ana mafua.